Nilijenga ukuta wa kabati chumbani Nyamirambo ili mke arudi, vipimo vikaniumbua

Wakuu, habari za Jumapili.

Ninayoandika hapa yametokea kweli. Mke wangu amekaa pembeni anachambua maharage na ananitaka nimsomee kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina pa kupitia.

Ilikuwa Kigali, 1991. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye kiburi cha kutosha mitaa miwili.

Tulipanga nyumba ya vyumba viwili Nyamirambo. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi yangu, cherehani na meza ya kukatia. Chumba cha nyuma tulilala mimi na Zaina, mwaka wetu wa kwanza wa ndoa.

Shida ilikuwa nguo za wateja.

Idi ilikaribia, kazi zikamiminika, misumari ya sebuleni ikajaa. Nguo zikahamia chumbani. Kwanza kwenye kiti, kisha juu ya sanduku la Zaina, mwisho kitandani.

Na nguo za Zaina mwenyewe? Ndani ya mfuko, chini ya kitanda. Naona aibu hata kuandika.

Siku moja alasiri akarudi kutoka sokoni, akasema amechoka, anataka kujilaza.

Nikamwambia, "Subiri kidogo, hapo kuna suti ya bwana harusi, utaikunja."

Wakuu, nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu huu.

Alivuta mfuko wake kutoka chini ya kitanda, akajitanda mtandio, akaenda kwao Kicukiro.

Kwa wasiojua: kwetu mke akiondoka namna hiyo, humfuati peke yako ukabembeleze mlangoni. Unaenda na wazee wako, mnakaribishwa, mnakaa, mnasemwa mpaka masikio yanapata moto, ndipo mnaambiwa kama anarudi au harudi.

Nikamchukua baba mdogo na kreti ya fanta badala ya pombe, maana sisi ni Waislamu, tukaenda.

Baba mkwe alitusikiliza mpaka chupa zikawa tupu. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Mukwe, nguo ya watu iko na kitanda mu nyumba yako. Mutoto yangu yeye iko na nini?"

Baba mdogo akanitazama. Mimi nikatazama fanta.

"Bon, haya," akasema mzee. "Uende utengeneze nafasi yake. Juma mosi ya pili, shangazi yake atamuleta. Akiona haiko sawa, anarudi naye."

Shangazi mwenyewe ndiye aliyemfunda Zaina kabla ya harusi. Mama mmoja mnene, mpole, asiyedanganyika hata kwa bahati mbaya. Nilimwogopa kuliko mzee.

Kwa hiyo nikawa na wiki mbili za kumrudisha mke wangu.

Chumba kilikuwa kirefu, chembamba. Wazo langu: nijenge ukuta mwembamba upande wa mwisho, fremu ya mbao na plaiwudi juu yake, nyuma ya ukuta pawe na nafasi ya kutundikia nguo. Mlango uwe pazia. Tofali sikuwa na uwezo nazo, na mwenye nyumba asingekubali.

Mbao nikanunua Nyabugogo, mchukuzi akazipandisha kilima kichwani huku mimi nimebeba kopo la misumari na kuhema kuliko yeye.

Jirani yangu Mzee Saidi alikuwa seremala. Alikuja, akaegemea mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Weye, ndani uache soixante. Sentimita makumi sita. Kabati ya kutundika nguo haiko chini ya hapo."

Nikacheka. Nikamwambia, mzee, mimi napima watu kila siku, leo nishindwe kupima kabati?

"Haya," akasema. "Mimi niko hapa tu."

Nikafungua daftari langu la vipimo. Ukurasa wa Zaina ulikuwepo, wa tangu nilipomshonea gauni la harusi. Mabega 38. Nikaongeza mbili za kupumulia, nikapata 40. Nikaona nimepiga hesabu ya kitaalamu, na chumba hakibanwi.

Nguzo za fremu nazo nilizikata kifundi cherehani. Kila moja nikaiachia sentimita tatu za mshono. Wakuu, mbao haina mshono! Nilizigonga mpaka dari likaanza kulia, Mzee Saidi akaweka chai chini, akanipa msumeno bila neno.

Lakini ukuta ukasimama. Maungio ya plaiwudi nikayabandika vitambaa vya tergal kwa gundi, nikapaka rangi ya krimu, nikashona pazia la maua. Nilikuwa naingia chumbani bila sababu, kuutazama tu.

Jumamosi ikafika. Shangazi akatangulia, Zaina nyuma yake na ule mfuko.

Shangazi akagonga ukuta kwa kidole. "Ni muzuri." Moyo wangu ukatulia.

Kisha Zaina akatoa gauni lake la harusi, likiwa kwenye henga ya mbao, akalitundika.

Henga ikagoma. Kumbe henga ni pana kuliko mabega: upande mmoja imegusa tofali, upande wa pili imegusa plaiwudi. Akaipindisha, ikakaa mshazari. Akavuta pazia, mkono wa gauni ukabaki nje.

Shangazi akasogeza pazia, akachungulia ndani.

"Umepima nini?" akauliza shangazi.

"Mabega yake."

"Ya lini?"

Nikasema, ya kabla ya harusi, yako kwenye daftari.

Niliona Zaina anainama. Nikajua amekwisha kuokota mfuko, anaondoka, na safari hii kreti ya fanta haitasaidia kitu. Niliumia, wakuu.

Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani, kitanda kitupu, chake.

"Lete tepu yako," akasema. "Unipime upya."

Nikapima mabega. 39. Nikaandika.

Akashika mkono wangu na tepu yake, akaushusha kiunoni. "Na hapa."

Daftari lilisema 68. Tepu ikasema 77.

Nikapima tena. 77.

Nilinyanyua macho. Zaina alikuwa ananitazama tu. Shangazi akavuta pazia la mlango wa chumba, akatuachia nafasi, nikamsikia sebuleni anamwambia Mzee Saidi, aliyekuwa amekuja na chai yake kuona mwisho, "Fundi mukubwa! Amepima Kigali yote, ya mukewe hajaona."

Ndiyo maana alikuwa anachoka alasiri. Mteja akinenepa sentimita mbili namjua akiwa bado barabarani. Mke wangu nilikuwa nampitia kila siku nikitafuta pa kuweka suti.

Nililia kidogo. Anasema nililia sana.

Jumatatu Mzee Saidi akang'oa fremu, akaisogeza mpaka soixante. Ukuta mwembamba una uzuri huo. Chini tukaweka rafu moja ya nguo za mtoto.

Miaka iliyofuata mnaijua, na uzi huu si wa hayo. Nyumba ile hatunayo tena. Sisi watatu tupo, alhamdulillahi.

Nilichojifunza: nguo ya kila mteja huwa naiachia akiba ndani ya mshono, kwa sababu najua mtu hubadilika. Mke wangu nilikuwa nimemwandika mara moja na kufunga daftari.

Wenye ndoa, vipimo vyenu ni vya lini? Na mafundi wa mbao, nichekeni tu, nimezoea.

Nimemuuliza Zaina kama niweke hapa kipimo chake cha leo. Ameacha maharage, anatafuta mkasi.