Mama Saa wa Dirisha la Malipo

Shangazi yangu hakuwahi kumtazama mtu anapobonyeza namba. Iwe ni kadi kwenye mashine, iwe ni simu, iwe hata begi la safari lenye kufuli ya tarakimu, aligeuza uso kwenye saa ya ukutani na kutaja muda kwa sauti. "Saa nne na dakika kumi na mbili," alisema, nawe ukajua macho yake yako wapi. Nyumbani tulikuwa na saa kila chumba, jikoni pia, na wageni walidhani sisi ni watu wa kuwahi. Hatukuwa. Shangazi alihitaji tu mahali pa kuweka macho.

Alikuwa keshia wa duka kubwa la dawa, lile lenye milango ya vioo iliyokwama kila mvua iliponyesha. Dirisha lake la malipo lilikuwa mwisho wa kaunta, na mbele yake, juu ya mlango wa chumba cha mfamasia, ilitundikwa saa nyeupe ya mduara. Mashine ya kadi ilipoletwa, wiki ya kwanza tu, mama mmoja mjamzito alisita kidole kikiwa hewani. Shangazi akageuza uso pembeni. Yule mama bado akasita.

"Siangalii," shangazi akamwambia.

"Shingo umegeuza, dada. Jicho sijui."

Hakusema kwa ubaya. Lakini shangazi alirudi nyumbani na jibu lile kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kesho yake akaanza kutaja saa. Aliona kwamba mtu hawezi kusoma dakika ukutani na wakati huohuo akasoma vidole vya mwenzake, na kwamba mteja akitaka kuhakikisha anaweza kuinua kichwa na kuangalia mwenyewe.

Mwezi haukuisha, wakampa jina la Mama Saa.

"Mama Saa, wenzako wanauza dawa, wewe unauza dakika," mzee mmoja fundi cherehani alimtania kila alipokuja.

"Dakika ni za bure, mzee. Ziba mkono."

Maneno hayo mawili, ziba mkono, aliyasema mara nyingi kuliko salamu. Mkono mmoja unabonyeza, wa pili unafunika kama unakinga mshumaa. Hakupokea kadi ya mtu. Aliivuta mashine mpaka kwenye tundu la dirisha, waya ukiburuzika nyuma, akasema, "Iingize mwenyewe. Kadi yako isitoke machoni pako, hata kama ni mimi." Wagonjwa wana haraka na wana maumivu, na mtu mwenye maumivu hutoa chochote anachoombwa. Alilijua hilo. Wapo waliokuja na kadi iliyofungwa kwenye kikaratasi chenye namba ya siri. Hakukigusa. "Kichane wewe mwenyewe," aliwaambia. "Nikikichana mimi, nitakuwa nimeshakisoma."

Siku moja babu mmoja asiyesikia vizuri alimtajia namba yake kwa sauti ya kuita watu shambani, foleni nzima ikiwa nyuma yake.

"Babu," shangazi akamjibu, "sasa hata dawa za kikohozi zinaijua. Nenda benki leo hii ukaibadilishe, halafu usinitajie hiyo mpya."

Bibi mmoja alifika na simu mkononi, kuna kijana mpole kampigia akijiita wa benki, anataka namba ili amsaidie kadi isifungwe. Shangazi alifunga dirisha, kitu ambacho hakuwahi kukifanya foleni ikiwepo, akatoka nje ya kaunta. "Kata simu, mama. Huyo anauliza kwa sababu hana, na hakutakiwa kuwa nayo. Ukitaka kuongea na benki piga wewe, namba yao imeandikwa nyuma ya kadi." Alisimama naye mpaka alipopiga.

Hapa lazima niseme kosa lake, maana mwenyewe hakulificha kamwe.

Kila keshia aliifungua mashine asubuhi kwa namba yake ya kazi. Saa ya chakula, anayeshika nafasi alitakiwa kuifunga na kuifungua upya kwa namba yake mwenyewe. Lakini mashine ile ilikuwa kuukuu. Kuiwasha upya kulichukua hadi dakika kumi, na foleni ya duka la dawa ina watoto wenye homa. Aliyemshikia nafasi alikuwa msimamizi wa stoo, mwanamke wa rika lake, mcheshi, anayeweza kuigiza sauti ya meneja mpaka watu wakajificha. Walikuwa marafiki wa kweli. Nimemwona akija kwetu, akivua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja jikoni. Basi siku moja, foleni ikiwa imefika mlangoni, shangazi alimnong'oneza namba yake ya kazi. Mtu aliyewafundisha nusu ya mji kuziba mkono akatoa yake mwenyewe, kwa ajili ya foleni na kwa ajili ya rafiki. Baada ya hapo hawakuifunga tena mashine mchana.

Wateja wakazoea. Walimwuliza yule mwenzake, "Mbona wewe hututajii saa?" Naye akaanza kutaja. Shangazi alifurahi, aliniambia hivyo. Alidhani ameacha mbegu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni alipopokea barua ya kuitwa ofisini. Ilisema anaruhusiwa kuja na mtu mmoja. Hakumchukua kaka yake, ambaye ni baba yangu, kwa sababu baba husema sana akikasirika. Alinichukua mimi. "Uvae viatu vizuri," alisema, "na usiseme kitu mpaka uulizwe." Yeye alivaa sare yake ya kazi, aliyoipiga pasi mara mbili.

Ofisi ya meneja ilijaa maboksi ya vitamini hadi dirishani. Palikuwa na meneja na afisa wa benki, kijana mwenye faili nene na adabu nyingi. Alieleza bila kuinua sauti. Wateja watano, kadi zao zilikuwa zimenakiliwa, kisha zikatumika kwenye miji ambayo hawajawahi kufika. Wote watano walikuwa wamelipa hapa. Risiti zote zilikuwa na namba ya kazi ya shangazi.

"Na tulipowauliza nani aliwahudumia, mama, wote walijibu kitu kimoja. Yule anayetaja saa."

Meneja alitazama meza. "Nimefika mahali siwezi kukutetea," alisema. "Kama huna la kusema, leo utakabidhi sare, na wao watakwenda polisi."

Nilimtazama shangazi. Nilijua anafikiria nini, kwa kuwa na mimi nilikuwa nafikiria hichohicho. Angetolewa kupitia ile milango ya vioo, mbele ya fundi cherehani na babu na bibi wa simu, na kuanzia siku ile kila mmoja wao angekumbuka alivyomwamini na kuona aibu. Kazi angepata nyingine. Jina asingepata.

"Walisema niliwatajia saa ngapi?" shangazi aliuliza.

Afisa alimtazama. "Hilo halihusiki, mama."

"Kwangu ndilo pekee linalohusika. Nisomee."

Afisa akafungua faili. Maelezo manne yalikuwa mafupi. Ya tano yalikuwa barua ya kurasa mbili ya mwalimu mstaafu, mwandiko ulionyooka, yenye malalamiko juu ya kila kitu tangu ngazi za duka hadi rangi ya mifuko. Afisa alikiri kwamba hakuifikisha mwisho. Aliisoma sasa kwa sauti, akiruka ngazi, akiruka mifuko, mpaka akafika hapa: "Isitoshe, keshia wenu alinitangazia kwamba ni saa saba na dakika kumi, ilhali saa ya ukutani, niliyoitazama kwa macho yangu, ilionyesha saa saba na dakika thelathini na tano. Mimi hunywa dawa saa nane kamili. Ningemfuata yeye ningechelewa. Huduma imeshuka."

"Risiti yake inasemaje?" shangazi akauliza.

Ilikuwa imebanwa kwenye barua. Afisa aliitazama, kisha akaitazama tena. "Saa saba na dakika thelathini na tano."

Meneja aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Sijawahi kumtajia mtu saa isiyo yake," shangazi alisema. "Anayesoma saa ukutani hawezi kukosea dakika ishirini na tano. Anayekosea ni yule anayetaja saa ya kichwani, kwa sababu macho yake yana kazi nyingine."

Afisa hakubishana. Alimpigia mteja wa pili palepale, akaweka sauti nje. Alikuwa mama aliyepitia dukani akienda kumchukua mtoto shule.

"Ndiyo, aliniambia ni saa nane kasoro kidogo," sauti ilisema. "Nikakimbia. Nimefika shuleni nimekaa kwenye benchi nusu saa nzima, hata kengele haijalia. Nilimkasirikia kweli, na si kawaida ya Mama Saa kukosea."

"Ulimwona uso?"

"Nilikuwa nahangaika na pochi, kaka yangu. Niliona sare, nikasikia saa."

Risiti yake ilisema saa saba na dakika ishirini na mbili. Zote tano, afisa alipozipanga mezani, zilikuwa za kati ya saa saba na saa nane mchana, saa ya chakula ya shangazi.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Meneja alikuwa ameshaanza kupumua, ameshaanza kusema "nilijua tu". Shangazi akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

"Kuna jambo hamjaniuliza. Namba iliyo kwenye risiti ni yangu kwa sababu nilimpa mtu."

Nilimfinya chini ya meza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilidhani ukishaponyoka unapaswa kukimbia.

"Usinifinye, mwanangu," alisema, wote wakisikia. "Hili nalo ni langu."

Akaeleza yote, foleni, mashine kuukuu, mnong'ono. Hakulia na hakumtukana mtu. Yule rafiki yake alipoitwa hakukana kwa muda mrefu. Aliuliza tu kama anaweza kukaa. Kifaa cha kunakilia kadi, kidogo kama kiberiti, kilikuwa kwenye boksi tupu la bandeji chini ya dirisha. Aliwaambia wateja mashine inasumbua, akapokea kadi, akaipitisha kwenye kile kifaa chini ya kaunta, akaichomeka kwenye mashine, akataja saa yoyote iliyomjia mdomoni huku akisoma vidole. Alikuwa amejifunza kila kitu cha shangazi isipokuwa kimoja. Shangazi alimtazama akitolewa nje. Mpaka alipostaafu hakula tena chakula cha mchana na mtu kazini.

Alibaki na kazi yake, na akapewa barua ya onyo kwa kutoa namba. Barua ile aliitia kwenye fremu. Miaka mitatu baadaye, alipopewa cheti cha mfanyakazi bora, alikitundika ukutani pembeni yake, kwa kimo kilekile. Wageni walipoulizia, alianza na ile ya onyo.

Benki ilimwomba azungumze na makeshia wa maduka mengine. Alikwenda mara chache, kwa aibu, na gauni lake la bluu. Sikujua ameacha nini huko mpaka mwaka jana, niliponunua viatu kwenye duka nisilolijua. Nilipoanza kubonyeza, keshia, binti mgeni kwangu kabisa, aligeuza uso kwenye saa ya ukutani na kusema, "Saa tano na dakika arobaini." Nilimwuliza amejifunza wapi. "Aliyenifundisha kazi alifanya hivyo," alijibu. "Naye alifundishwa na mama mmoja." Sikumwambia mama huyo ni wangu. Nilichukua viatu vyangu, nikatoka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilitembea kifua mbele barabarani, peke yangu, bila sababu ambayo mpita njia angeweza kuiona.

Wakati huo shangazi alikuwa ameshaondoka duniani. Wiki yake ya mwisho alilala wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango, na alikuwa amepunguza maneno kama mtu anayefunga mizigo. Alasiri moja karani wa hospitali alikuja na mashine ndogo ya kadi mpaka kitandani. Nilidhani shangazi amelala. Nilitoa kadi, nikaiingiza mwenyewe, nikaziba mkono. Ndipo niliposikia mto ukikwaruza. Alikuwa akigeuza kichwa, taratibu, kwa kazi kubwa, upande wa ukuta wenye saa. Karani alisubiri. Risiti ile ninayo mpaka leo, na dakika zilizochapwa juu yake ni zilezile alizozitaja.

"Saa kumi na dakika nane," alisema. "Bonyeza tu, mwanangu. Sikuangalii."