Mwisho wa Kitabu cha Tisa

Nilipoambiwa kwamba watu wazima wenye digrii zao wangekutana Njombe kwa siku mbili kuzungumzia vile vitabu vya mpelelezi, nilijiuliza kuna nini nyuma yake. Vilikuwa vitabu tisa vyembamba, vya karatasi duni, vilivyosomwa na kila aliyejua kusoma nilipokuwa mdogo, kisha vikatoweka madukani. Mhadhiri aliyenifundisha chuo kikuu ndiye aliyelileta kongamano kwetu. Alidai anapenda hewa ya milimani. Sijawahi kumwona mtu wa pwani anayeipenda baridi ya Njombe mwezi wa saba, kwa hiyo nilimjibu ndiyo huku namchunguza.

Mimi nilipewa mada ya kitabu cha tisa, cha mwisho. Mada nzuri zingechapishwa na chuo, na nilitaka sana yangu iwemo. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na jina langu lilikuwa halijawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye orodha ya zamu. Kulikuwa na tatizo moja tu, ambalo sikumwambia mtu. Nakala yangu ya kitabu cha tisa haikuwa na kurasa za mwisho.

Sikujali sana, maana mwisho niliujua. Kaka yangu alitusomea kitabu hicho Jumapili moja mchana, mimi na mama tukipukuchua mahindi. Alikuwa akisoma sentensi kwa Kiswahili, kisha anaigeuza Kibena kwa ajili ya mama, ambaye hakwenda shule. Mpelelezi anagundua kwamba bosi wake ndiye msaliti, anaiacha bastola mezani, anapanda lori la mbao na kurudi kwao kwa mama yake. Wiki iliyofuata kaka aliondoka kwenda kutafuta kazi mjini. Aliandika barua mbili, kisha hatukumsikia tena. Siku zote niliamini kurasa zile zilichanwa baadaye, zikafungiwa karanga na mtu asiye na adabu.

Siku ya kwanza ya kongamano aliingia mtu tusiyemjua. Alikuwa wa makamo, koti jeusi la ngozi, daftari la shule mkononi. Akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, akaanza kuandika. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa karibuni tu, na hakuna aliyejua ruhusa hiyo inaishia wapi. Mkuu wetu wa shule aliniinamia akasema, "Huyo ni wa Usalama. Chunga ulimi wako, mwalimu."

Na sisi, wataalamu wa vitabu vya mpelelezi, tukamkagua kwa dalili tulizozisoma humohumo. Anakaa karibu na mlango. Hamwambii mtu atokako. Chakula cha mchana kilipoletwa, alichukua wali mtupu, akaiacha nyama, akala peke yake amesimama. Hiyo nyama ndiyo iliyotumaliza kabisa. Mhadhiri wangu, ambaye usiku uliotangulia alinieleza kwa kirefu jinsi vitabu vile vilivyotuzoeza kuitii serikali bila kuuliza, alisimama mbele akasema vilitufundisha uzalendo. Nilimwonea aibu. Lakini na mimi nilikuwa nimeshafuta aya mbili kwenye mada yangu kwa kalamu ya risasi.

Zamu yangu ilikuwa kesho yake. Nilisoma huku naitazama kalamu ya yule mtu wa koti. Ilikimbia vizuri mpaka nilipofika kwenye bastola mezani na lori la mbao. Hapo ikasimama. Akanitazama, akafunga daftari. Watu walipiga makofi, mhadhiri akasema mada hii lazima ichapishwe, na mimi sikusikia raha yoyote. Nilikuwa nawaza kama nitahamishiwa Lupingu, kule ziwani, au mbali zaidi.

Yule mtu wa koti alinisubiri kwenye geti la shule. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ambayo sikuipenda.

"Marahaba, mwalimu. Samahani, nina neno. Sikutaka kulisema mbele ya wageni wako." Akanisogelea. "Kile kitabu hakiishi vile."

Kumbe alikuwa muuza mitumba wa Makambako. Tangazo letu alilisoma stendi, tulikolibandika wenyewe. Alikuwa navyo vitabu vyote tisa, na aliandika ili akawasimulie wenzake dukani. Nikamuuliza kuhusu nyama, nikiwa bado simwamini.

"Sikujua nani amechinja," alisema. "Ningemuuliza nani, na kila mtu ananikimbia?"

Nilimwomba aniazime kitabu cha tisa. Akakataa palepale. Alishawahi kuwaazima walimu vitabu, akasema, na walimu ndio wabaya zaidi. Kama nataka kusoma, niende dukani kwake.

Jumamosi nikaenda Makambako. Alinikalisha juu ya robota la makoti, akanipa kitabu kilichofungwa kwenye gazeti, kisha akasimama pale pale kuhakikisha sikiweki kwenye mkoba. Nilikikagua kitabu kabla ya kukisoma. Jalada, pini zilizoshika kutu, namba za kurasa. Nililinganisha na nakala yangu, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta ulaghai. Hakukuwa na ulaghai wowote. Katika kurasa nne za mwisho mpelelezi anamkamata msaliti, ambaye si bosi, anapewa pasi mpya na kupanda ndege kwenda kazi nyingine. Hakuna lori humo, wala mama.

Nikarudi nyumbani nimekasirika. Mama alikuwa nje juani akichambua maharage. Nikamwuliza kama anakumbuka kile kitabu, na kaka alisoma nini hasa siku ile.

"Kilikuwa kimekatika tangu alipokuja nacho," alisema mama kwa Kibena, bila kuinua kichwa.

"Umejuaje, na wewe husomi?"

"Macho ninayo. Alikuwa akigeuza karatasi, akigeuza. Halafu akafika kwenye moja, hakugeuza tena. Kiswahili nacho akakiacha, akawa anasema Kibena tu. Na alikuwa akinitazama mimi."

Mimi nilikuwepo, nasoma darasa la tano, na sikuona chochote. Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Alikuwa ananiahidi."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilimkasirikia kaka kuliko nilivyowahi kumkasirikia, kwa ajili ya lile lori, na kwa miaka yote ambayo mama alikuwa akienda barabarani kila gari la mbao liliposimama, akisema anatafuta chumvi. Nilikuwa nimesimama mbele ya maprofesa nikaieleza ahadi ile kwa istilahi za fasihi, nikapigiwa makofi.

Mada haikuchapishwa. Nilimwandikia mhadhiri barua fupi kwamba naiondoa, bila sababu. Baadaye niliambiwa anashuku nilitishwa na yule mtu wa koti la ngozi, na nilimwacha ashuku.

Mama alinikuta mezani nikiifunga bahasha ya barua ile.

"Na hicho cha kweli," aliuliza, "kinaishaje?"

Nilifikiria kumdanganya. Njia nilikuwa nimeshaonyeshwa.

"Anapanda ndege, mama. Anakwenda."

"Anaaga?"

"Hapana."

Alisimama kidogo akiitazama bahasha, kisha akasema kwamba chumvi imekwisha, akachukua kanga yake na kwenda barabarani.