Barua Niliyoiandika Bila Jina

Iko Jumatatu moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka masikio yangu hupata moto.

Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Najua sina mvi, na ndevu zenyewe bado nazibembeleza ziote. Lakini huku Changamwe ukishika chaki mwaka mmoja tu wanafunzi wanakuita mzee, na mimi huu ni mwaka wangu wa sita nafundisha historia ya Ulaya katika chuo ambacho madirisha yake hutetemeka kila lori la kontena likipita. Uzee wangu ni wa makosa, si wa miaka. Na kosa nitakalokueleza nililifanya nikiwa kama wewe, mwaka wa tatu chuoni, nilipokuwa hodari wa kuuliza maswali.

Maswali nilikuwa nayo, wallahi. Shehe akitoa darsa kwetu Magogoni, mimi nataka kujua hadithi ile kaipokea kwa nani. Mjomba akisimulia ujana wake, namwomba mashahidi. Mama alikuwa akisema, "Salim, wewe siku moja utauhoji hata uji." Wahenga walituambia kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini hawakutuambia kwamba kuuliza kwaweza kuwa uovu. Hilo nililigundua mwenyewe.

Mwalimu wetu wa historia ya Ulaya alikuwa Bi Saumu, mwanamke wa Kimvita mwenye Kiswahili cha nyumba za kale na miwani iliyofungwa kwa uzi. Insha tuliandika kwa Kiingereza, mabishano tukayafanya kwa Kiswahili, naye hakuona kosa. Alitufundisha kwamba hati haiaminiwi wala haikataliwi kabla haijahojiwa. Iwe barua ya mfalme, iwe hotuba ya mwanamapinduzi, tuliiuliza maswali yale yale: Nani kaandika? Alitaka nini? Nini kakiacha nje? Mimi nilikuwa bingwa wa kazi hiyo. Nikiinua mkono darasa linatulia. Nilikizoea kile kimya, nikadhani ni mali yangu.

Kisha akaja Dama.

Dama alihamia darasani kwetu mwaka huo wa tatu. Kwao ni bara ya Kilifi, lakini alikaa Kisauni na shangazi yake, na asubuhi kabla ya kuja chuoni alimsaidia kuuza vitunguu soko la Kongowea. Alikuwa na kicheko kikubwa na daftari lenye madoa. Nilimpenda kama unavyompenda mtu usiyemhofia.

Muhula huo tuliandika insha juu ya wanawake wa masoko ya Paris, wale walioandamana kwenda Versailles kudai mkate wakamrudisha mfalme mjini. Nilisoma vitabu sita. Nilijaza tanbihi kama mchele kwenye sinia. Jumatatu Bi Saumu akaingia na insha moja mkononi, akasema hii ndiyo bora aliyoisoma kwa miaka mingi. Mimi nikajiweka sawa kitini. Akasoma ukurasa wa kwanza, na alipofika sentensi ya tatu nikajua si yangu. Ilikuwa ya Dama.

Alipomaliza, akatangaza kwamba Dama ndiye atakayependekezwa kusaidia kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nafasi ile, mwanangu, nilikuwa nimeshaivaa kichwani kama kofia. Nilikuwa hata nimemwambia mama.

Baada ya darasa nilimwendea Dama na tabasamu. "Hongera, dada. Niazime hiyo insha nijifunze."

"Chukua tu, Salim," akasema. "Uniambie umeionaje."

Niliisoma mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa natafuta ufa. Sikuupata. Nilichokipata, ukurasa wa mwisho, ni swali ambalo halikuwamo katika vitabu vyangu sita: siku ile wanawake walipoondoka, nani alibaki sokoni kulinda meza? Soko halifungwi hivi hivi, aliandika Dama. Yupo aliyeshika mizani ya jirani, yupo aliyebaki na watoto, yupo bibi aliyeambiwa kaa hapa mpaka turudi. Vitabu vinawahesabu waliotembea, na bila wale waliobaki hakuna ambaye angetembea.

Hapo wivu ulinishika. Na ona mantiki yake, maana wivu una mantiki: kwa kuwa insha haina kosa, basi kosa liko kwa mwandishi. Haiwezekani iwe yake. Nikajiambia simwonei wivu, nafanya uhakiki. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilivaa nguo za usomi.

Nikaenda saiba ya Magongo, kwenye kompyuta za kukodi, nikachapa barua kwamba insha ile si ya Dama, sikuitia jina, nikaisukuma chini ya mlango wa mkuu wa idara. Insha nikaichomeka katika daftari la Dama, na alipoinua macho nilikuwa nimeshatoka.

Mkuu wa idara hakufanya mchezo. Alama za Dama zikazuiwa, nafasi yake ikasimamishwa, na akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kamati ikimkuta na hatia, ataurudia mwaka mzima. Na sote tulijua shangazi yake hakuwa na mwaka mwingine wa kumpa.

Ndipo tunapofika Jumatatu ile ya masikio ya moto. Bi Saumu aliingia na nakala za karatasi moja.

"Leo Wafaransa wapumzike," alisema. "Nina hati ya hapa hapa. Anayeshutumiwa ndani yake yumo darasani, na amenipa ruhusa. Ihojini."

Nikaipokea karatasi. Ilikuwa barua yangu.

Akaisoma kwa sauti, polepole, kama alivyosoma barua za wafalme. "Sisi tunaopenda haki tunauliza: mtu anayeuza vitunguu tangu alfajiri apate wapi akili ya kuuliza nani alilinda meza za sokoni Paris? Muuza vitunguu ana saa ngapi za maktaba? Vitunguu na vitabu havikai kapu moja."

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Otieno, kijana wa Port Reitz ambaye baba yake alifanya kazi bandarini. "Mwalimu, huyu ni mtu mmoja. Watu wengi hawajifichi. Ukisikia 'sisi tunaopenda haki', jua kuna mtu amejifungia chumbani peke yake."

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu kuwashinda.

"Vitunguu mara tatu, ushahidi hata mara moja," akasema Mwanaisha, aliyekaa nyuma yangu. "Kesi ni ya insha au ya mboga?"

"Dama, ulimuuzia nani vitunguu vibovu?" mwingine akadakia.

"Shangazi yangu hauzi vibovu," Dama akajibu, na hata yeye akacheka kidogo. Kisha kicheko kikamkauka. Alikuwa anaitazama karatasi kwa namna ninayoijua, namna tuliyofundishwa. Akainua mkono.

"Mwalimu, wewe ulisoma ukurasa wa kwanza tu."

"Ndiyo."

"Habari ya nani alilinda meza iko ukurasa wa mwisho. Aliyeandika hii barua ameishika insha yangu mkononi."

Mwanangu, kile kimya nilichokuwa nakipenda kilirudi darasani, na safari hii hakikuwa mali yangu.

"Ulimpa nani?" Otieno akauliza.

"Mtu mmoja."

"Mtaje basi! Kamati ni Ijumaa, utamficha ili iweje?"

Dama hakugeuka kunitazama. Hilo ndilo ambalo mpaka leo sijalipatia jina. Alikunja karatasi mara mbili, akasema, "Nikimtaja nitakuwa mchongezi kama yeye. Ana mdomo wake."

Na mimi mwenye mdomo, bingwa wa kuuliza, nilikaa nikikagua kucha zangu mpaka saa ikaisha. Ukiniuliza kosa langu ni lipi, wengi wangesema ni barua. Mimi nasema ni zile dakika.

Nilizunguka jengo mara nne kabla ya kubisha ofisini kwa Bi Saumu.

"Ndoo, keti," akasema kwa Kimvita chake, yaani njoo, bila kuinua kichwa. "Nilianza kudhani huji."

"Ulijua?"

"Miaka mitatu nasoma kazi zako, nisiujue mwendo wa akili yako? Nilijua tangu mstari wa kwanza."

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Kukutaja kungenisaidia mimi. Kungemsafisha Dama, ndiyo, na wewe ungebaki na uongo wako, ukisema mwalimu kakuonea." Akavua miwani, akanitazama kwa macho makavu. "Salim, nijibu moja. Katika darasa lile, nani alikuwa wa kwanza kujua kwamba insha ile ni nzuri?"

Nikasema ni yeye, mwalimu.

"Hapana. Mimi niliisoma mara moja, nikatia alama, nikaenda kupika. Wewe uliisoma hadi ukakariri ukurasa wa mwisho. Hakuna aliyeijua thamani yake kukushinda. Wivu, mwanangu, ni msomaji hodari. Huona kizuri kabla ya watu wote. Tabu yake ni hiyo tu, kwamba akishaona hunyamaza, au huenda saiba. Dama alikuomba umwambie umeionaje. Umemwambia?"

Akanipa karatasi tupu na kalamu, nikaandika barua ya pili kwa kamati, na hii niliitia jina langu kamili, la baba na la babu.

Alhamisi asubuhi nilikwenda Kongowea. Nilimkuta Dama akiambua maganda makavu ya vitunguu, akipanga vikubwa mbele na vidogo nyuma, shangazi yake akibishana na mteja pembeni. Nikampa shikamoo shangazi, akaniitikia marahaba kwa furaha, hajui lolote. Furaha yake ilinichoma.

"Ni mimi niliyeandika," nikamwambia Dama.

"Najua ni wewe."

"Nimeshaiandikia kamati."

"Vyema." Akaendelea kupanga.

"Nisamehe."

"Hilo tutaliona," akasema. "Lakini kuna deni lako la kwanza. Nilikuomba uniambie umeionaje insha. Umeionaje?"

"Ilikuwa nzuri."

"Nzuri vipi? Mtu aliyesoma vitabu sita anasema 'nzuri' kama mtu aliyeonja pilau?"

Basi nikasimama pale, wachukuzi wakinipigia kelele nipishe mikokoteni, nikamweleza. Nikamwambia kwamba katika vitabu vyangu vyote niliwaona wanawake wakitembea na sikuwahi kujiuliza wamemwachia nani biashara. Nikamwambia kwamba swali lake liliwaleta watu ambao sikujua kama wapo. Nikamwambia nilitamani liwe langu, na kwamba nisingelipata hata nikisoma vitabu sitini, maana sikuwahi kulinda meza ya mtu. Usione vyaelea, vimeundwa, na kile chake kiliundwa pale nilipokuwa nimesimama.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ungeniambia hayo siku ile, tungekuwa marafiki." Akamgeukia mteja.

Kamati ilimsafisha. Mimi ilinisimamisha muhula mmoja, na nikahitimu baada ya wenzangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia nikiwa na jembe mkononi. Dama alifundisha wale wa mwaka wa kwanza, akaendelea, na sasa ni mhadhiri wa chuo kikuu kikubwa. Tukikutana hunisalimu vizuri, huulizia hali ya mama, na hapo ndipo salamu huishia. Urafiki ule aliousema sikuupata.

Wala usidhani nimepona. Kila mwaka nikifika mada ya Wafaransa huwapa wanafunzi swali la nani alibaki sokoni, nawaambia ni la nani kwa jina lake, na darasa huchangamka kuliko kwa lolote nililobuni mimi. Na kila mwaka, wakichangamka, wivu ule hunirudia. Nimeacha kuamini watu wanaosema wivu wao umekwisha. Huwa nawauliza ushahidi.

Kwa hiyo sikupi nasaha ya kuacha wivu, mwanangu, kwa kuwa siijui njia yake. Nakupa niliyoijaribu. Kazi ya mwenzako ikikuchoma, chukulia kwamba umeona kitu cha thamani, na kwamba pengine umekiona kabla ya wengine. Nenda kwake mchana, ukiwa bado unaungua, usingoje upoe. Mwambie ni nzuri, na umwambie hasa wapi na kwa nini, maana sifa isiyo na sababu ni njia nyingine ya kunyamaza. Ukiwa na shaka naye, muulize usoni. Shaka ambayo huwezi kuitia jina lako, ichane. Na ukishakosa, usikae ukikagua kucha ukingoja mtu uliyemdhulumu akufichie aibu. Sema ukiwa bado darasani. Mimi nilichelewa kwa saa moja tu, na saa ile imenigharimu mtu.

Mola akupe akili ya kuhoji na moyo usiojificha nyuma ya maswali. Akujaalie wenzako wanaokushinda, usije ukalala. Na siku watakaposoma mbele za watu insha iliyo bora kuliko yako, akupe nguvu ya kupiga makofi wa kwanza. Amina.