Rilei za Chumba cha Nyuma

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni haya kusema hivyo. Kazi yangu ni kukagua mishono katika kiwanda cha nguo. Kila kola, kila mfuko, naushika na kuuvuta nione kama utahimili. Nikirudi nyumbani, mkono hauachi tabia. Mume wangu hunitania kwamba hata ndoa yetu naivutavuta nione itafumukia wapi.

Yeye ni fundi wa lifti. Kazini wanamwita Sikio, na jina hilo alilipata kwa haki. Lifti ikisumbua, wenzake hukimbilia vipimo; yeye huingia chumba cha mashine, akafumba macho, akasikiliza rilei. Rilei ni kijisanduku chenye koili ya waya ndani. Umeme ukipita, koili inavuta kiulimi cha chuma, tak!, na njia ya umeme inaungana au inakatika. Lifti za zamani zina ukuta mzima wa vidude hivyo, na Sikio aliweza kusikia kimoja tu kilichochelewa kati ya vyote. Watu walimwonea wivu, na yeye alijiona, tusidanganyane.

Basi mtu huyo huyo akaanza kunibadilikia. Simu ikiita, haipokei mbele yangu. "Andika ujumbe," ndilo jibu lake kwa kila mtu. Nikimweleza mambo ya kiwandani, anatabasamu na kutikisa kichwa, hata pale ambapo mtu mwenye akili zake angekasirika. Nikanusa mashati yake, yananuka grisi. Nikapekua mifuko; bisibisi na vipande vya waya. Mwanamke gani huyu, nikajiuliza, asiyeacha hata unywele?

Kisha akaanza kujifungia chumba cha nyuma. Majengo mengi yalikuwa yanang'oa mitambo ya zamani, na yeye akawa anarudi na rilei zilizotupwa, mfuko juu ya mfuko, na mbao begani. Na hakuwa peke yake. Alikuwa na mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye mama alimwacha mchanga nikambeba mimi mgongoni mpaka akatembea. Tunamwita Mrefu. Mume wangu ndiye aliyemwingiza kwenye kazi ya lifti, na huko hufanya kazi wawili: Sikio juu ya paa la lifti, akiiendesha taratibu kwa vitufe, na Mrefu chini shimoni, akikaza na kupima.

"Mnafanya nini humo?" nikamwuliza Mrefu siku moja.

"Tunatengeneza kompyuta, dada."

"Kompyuta ya mbao?"

Wakaniita nione; nikadhani wananifumba macho tu. Juu ya ubao walikuwa wamepanga rilei na swichi na taa ndogondogo. Mrefu akanieleza kama mwalimu. Rilei hizi mbili zimefungwa ili taa iwake pale tu swichi ya kwanza na ya pili zote zimebonyezwa. Hiyo ni geti ya NA, mlango wa umeme. Zile pale, hata swichi moja inatosha. Hiyo ni geti ya AU. Na hii moja ni mkaidi: taa inawaka usipobonyeza, ukibonyeza inazima, hiyo ni geti ya SI. Ukiziunganisha zinafanya hesabu. Akabonyeza moja, akaongeza moja, ubao mzima ukatatarika, taa ya mbili ikawaka.

"Kumbe mlihitaji mbao na umeme kujua moja na moja ni mbili," nikasema.

Mrefu akacheka. Mume wangu naye akacheka, lakini kwanza alimtazama Mrefu usoni. Hilo nililiona, nikaliweka moyoni. Na kingine: ubao ulipotatarika, aliweka kiganja juu yake, kama mtu anayempima mtoto homa.

Jioni moja, nikiosha vyombo, nilimwuliza bila kugeuka. "Nikiondoka nyumba hii, utanifuata?" Alikuwa ameketi mezani nyuma yangu. Hakujibu kitu. Nikamaliza sahani zote, nikazipanga, kimya. Nikalichukua hilo kuwa jibu. Iliniuma, nisiseme uongo. Siku zilizofuata nikaanza kukunja nguo zangu na kuzitia sandukuni, moja moja, nikingoja tu kumfumania ili niondoke kifua mbele.

Jumapili mchana niliwaaga naenda kwa rafiki, nikazunguka mtaa, nikarudi. Mlango wa chumba cha nyuma haukufungwa. Mume wangu alikuwa amenipa mgongo. Mrefu alikuwa mwisho wa chumba, ameshika kitufe chenye waya mrefu uliofika mpaka kwenye ubao mpya.

"Mume wangu, huyo mwanamke ni nani?"

Hakugeuka.

"Nakuuliza wewe! Ni nani?"

Mrefu aliganda. Mume wangu aliendelea kukaza skrubu, taratibu, bila wasiwasi wowote. Hakuna mwanamume mwenye hatia anayeweza kukaza skrubu hivyo.

Mrefu akaja akamgusa bega. Mume wangu akageuka, akaniona, akatabasamu. "Umerudi mapema. Karibu."

"Shemeji, tumekwisha," Mrefu akamwambia, akilitamka kila neno kwa midomo wazi. "Dada ameshajua."

Ndipo yakanimwagikia. Masikio yalianza kuondoka mwaka uliopita, kidogo kidogo. Sikio hasikii rilei, hasikii simu, hasikii mtu asipomwona midomo. Kazini wawili hao wamelificha: Mrefu anasikia, Mrefu anamwashiria. Lakini shimoni hawaonani. Huko aliye chini hupiga kelele "Simama!" na aliye juu husimamisha lifti. Walipoona sauti haifiki, Mrefu akawa anagonga reli kwa nyundo na shemeji yake anasikia mtikiso kwa miguu. Siku moja hakuusikia. Lifti ilishuka mpaka ikapasua kofia ya Mrefu, naye akalala chali sakafuni na kunusurika kwa nafasi ya upana wa mkono.

Nilitaka kuwapiga wote wawili. Niliogopa, nikaona aibu, nikaona uchungu wa kufichwa, vyote kwa pamoja, na nadhani nililia.

"Ndiyo maana tumejenga hii," mume wangu akasema upesi. "Kesho tunaipeleka kazini. Hatuhitaji tena kusikia." Akanionyesha. Taa ya kijani maana yake lifti iende. Inawaka kama yeye anabonyeza kitufe chake NA Mrefu SI anabonyeza chake. Mrefu akiona hatari, anabonyeza, lifti inasimama. Wakaijaribu. Tak, kijani. Mrefu akabonyeza, tak, giza. Walinitazama kama watoto wanaongoja kusifiwa.

Mkono wangu ukafanya kazi yake. Nikaushika waya wa Mrefu pale ulipoingia kwenye ubao, nikauvuta. Ukachomoka.

"Bonyeza sasa," nikamwambia Mrefu.

Akabonyeza. Mume wangu alikuwa bado ameshika kitufe chake, na taa ya kijani ikabaki inawaka. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kama aliyeko chini kweli. Ikawaka tu.

Mume wangu alikaa kwenye kiti. Alijua upesi kuliko sisi. "Shimoni, mtu akinyamaza maana yake yuko salama," akasema. "Nimezoea hivyo miaka yote. Nimeifundisha mashine vilevile." Akajifuta uso. "Na mlango wa lifti yenyewe nimeufungia nyaya mara ngapi! Waya ukikatika, lifti isimame. Hata mwanafunzi anajua. Tutageuza, Mrefu abonyeze ndipo iende, akiachia isimame."

"Geuza," nikasema. "Na kosa la pili, mkiwa huko, nani ataliona? Mimi nitakuwa kiwandani navuta kola."

Hakuna aliyejibu, lakini safari hii nilijua kwa nini. Nilifikiria kitu kimoja tu, mdogo wangu chali sakafuni na chuma kikimshukia. Nikainama kuuokota ule waya. "Kesho asubuhi unamwambia msimamizi kwamba husikii. Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

Nilipoinuka, mume wangu alikuwa ananitazama na tabasamu lake lile la kuvukia mambo.

"Umesemaje, mke wangu? Ulikuwa umeinama."

Nikamtazama Mrefu. Akatazama sakafu, hilo hakutaka kulibeba yeye. Neno kama lile, ukiwa na hasira, hutoka lenyewe; kulirudia ndiko kugumu. Nikamsogeza mume wangu mpaka dirishani kwenye mwanga, nikamshika mashavu, nikalisema upya polepole, midomo wazi, na kila neno nililiona likimfika.