Nani Aliipanda Mizambarau ya Jichoni?

Mwanaasha Hija wa Wawi ana ugonjwa mmoja ambao hospitali haina dawa yake: kuuliza. Alipokuwa darasa la tatu alikificha kitawi kimoja cha mkarafuu wa jirani kisichumwe, kwa sababu karafuu huchumwa ingali changa na yeye alitaka kujua ikiachwa inakuwa nini. Aliona ua, akaona na tunda, akaona na bakora. Alipomaliza darasa la saba mwalimu alimwambia babake kuwa mtoto ana akili, ila atawachosha watu. Amewachosha.

Sasa ana miaka hamsini na miwili. Mumewe, Haidar, alimpa talaka akaenda Tanga kuoa mwanamke asiyeuliza, na kama alimpata hatujui. Watoto watatu Mwanaasha amewalea kwa muhogo. Kila asubuhi hupika muhogo wa nazi pale njia panda, watu wakala, wakalipa, wakaenda kazini. Muhogo anaulima mwenyewe, lakini ardhi si yake. Babu yake alitoka bara kuja kuchuma karafuu, akanogewa akabaki, na alipokufa hakuacha hata shina la mnazi.

Kwa hiyo Mwanaasha hulima konde la kuazima, ukingoni mwa mwitu wa Jichoni, ambako kuna jicho la maji lisilokauka hata kiangazi kiwe kikali vipi. Konde ni la kina Talib. Marehemu babake Talib alimpa kwa sharti lile lile la siku zote: lima muhogo, lima kunde, lima viazi, mti wa kudumu usipande. Kwetu Pemba ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule aliyeupanda, na mjukuu wake akaja kuudai. Mtu akiazimwa konde akachomeka mnazi kimyakimya, watu humwita mwizi wa polepole, na konde jingine hapewi na mtu mpaka anazikwa.

Mwaka jana halmashauri ilitangaza kuwa ina mfuko wa kununua na kulinda vipande vya mwitu vilivyobaki, kwa fedha za ada ya wageni na sehemu ya ushuru wa masoko. Jichoni ilichaguliwa. Sheha, Mzee Abdulnasir, akaita mkutano skuli. Watu wote waliuliza fidia. Mwanaasha aliuliza jingine.

"Sheha, wakishaununua huo mwitu, wataufanya nini?"

"Watauacha, Bi Mwanaasha. Hakuna kukata, hakuna kuchoma mkaa."

"Wanatoa fedha ili wauache?"

"Ndiyo."

"Mbona mie nauacha mwaka wa kumi na saba huu, na hata asante sijapewa?"

Watu wakaangua kicheko. Sheha akamwomba akae kitako.

Wiki ya pili wakaja wapimaji. Mkubwa wao alikuwa binti wa Wete, Khairiya, buti hadi magotini, ubao wa kuandikia kifuani na kopo la rangi nyekundu mkononi. Sheha alifuatana nao, na Talib nyuma, maana kila mwenye ardhi alitakiwa awepo. Walizunguka mwitu tangu asubuhi, na walipofika konde la Mwanaasha, mwenyewe yumo anafunga kuni, Khairiya akasimama. Katikati ya muhogo mlikuwa na mizambarau tisa, minene kama paja, imechanua.

"Shikamoo, Bi Mwanaasha. Hii mizambarau nani kaipanda?"

"Marahaba, mwanangu. Kaipanda popo."

Talib akacheka kwa pua. "Popo! Popo alikuja na jembe au alikuja na panga? Baba kakupa konde kwa amana, Bi Mwanaasha, weye unampandia miti. Na mwenyewe yuko kaburini hawezi kusema."

Mwanaasha alihisi masikio yanawaka moto. Neno hilo likifika barazani leo, kesho Wawi nzima inalo, na kesho kutwa hakuna wa kumwazima hata tuta moja.

"Sikupanda," alisema. "Ilitoka yenyewe. Nilitaka kuing'oa, nikasema ngoja nione ni miti gani. Nilipojua, ikawa imeshakuwa mikubwa."

"Kuacha na kupanda si kitu kimoja?"

"Ingekuwa kitu kimoja, Talib, hayo majani yaliyoota kwako dirishani tungesema umeyapanda."

Sheha akakohoa kuzuia kicheko. Khairiya akageuza karatasi. "Fomu yangu ina sehemu mbili tu. Iliyopandwa, au ya asili. Ikiwa imepandwa, hapa ni shamba, mpaka wa mwitu unapita nyuma ya konde. Ikiwa ya asili, na ukingo huu umeungana na mwitu, mpaka unapita mbele. Konde linaingia ndani, mwenye ardhi analipwa, na Bi Mwanaasha anavuna muhogo wake halafu basi."

Talib akaiangalia kona ya konde. Kona ile alikuwa ameiwekea nia ya kumjengea mwanawe nyumba, na Wawi hakuna asiyejua. Akasogea karibu, na sauti yake sasa imetiwa asali.

"Dada'angu, mimi na wewe tumetoka mbali. Sema tu ulipanda, mimi nimekusamehe mbele ya sheha. Konde endelea nalo mpaka uchoke mwenyewe."

"Kumbe mwizi wa miti anasameheka upesi hivyo?"

Lakini alisema huku anaangalia muhogo wake. Matuta mia na zaidi, udongo mweusi alioulainisha kwa mikono yake miaka kumi na saba. Neno moja tu, na konde lingebaki mikononi mwake. Neno lenyewe lingeandikwa kwenye fomu, likatiwa sahihi na sheha, na watoto wake wangelisoma.

Akakifungua kitita chake cha kuni, akatoa kamba ya usumba wa nazi.

"Talib, njoo unishikie."

"Nishike nini?"

"Kamba. Au unaiogopa kamba?"

Baina ya mizambarau palikuwa na kisiki kikubwa kilichooza, cha msufi ulioangushwa na upepo miaka kumi na moja nyuma. Mwanaasha akafunga ncha moja ya kamba kisikini, akainyoosha hadi mzambarau wa mbali kabisa, akapiga fundo pale, akampa Talib fundo hilo.

"Sasa zunguka."

Talib akazunguka, anakwepa muhogo, anasonya. Khairiya akamfuata nyuma anahesabu. Mizambarau yote tisa ilikuwa ndani ya duara la kamba. Nje ya duara, konde zima, hata mche mmoja wa mzambarau haukuwapo.

"Huo ndio upana wa matawi ya msufi ule," alisema Mwanaasha. "Popo ana choyo. Akipata zambarau kule skuli hali na wenzake, huichukua akaja kuila peke yake juu ya msufi. Asubuhi nilikuwa nakuta makapi aliyoyatema, na kokwa chini. Msufi ulipoanguka jua likapita, zikaota. Sasa niambieni, nani mwenye akili zake anapanda miti ya matunda yote kukizunguka kisiki, na konde zima liko wazi? Na akipanda, hapangi mistari?"

Khairiya alikuwa ameshapiga magoti kwenye kisiki. Akachimba kwa kidole, akatoa kokwa kuukuu, akaigeuza juani.

"Chuo nimekaa miaka mitatu," alisema, "na hili sikufundishwa. Makapi yalikuwa ya mviringo, au kama vipande?"

"Kama tambuu iliyotemwa."

"Kila msimu?"

"Kila msimu. Isipokuwa mwaka ule wa mvua nyingi, na sijui kwa nini. Wewe unajua?"

"Sijui."

Wakabaki wanaulizana pale nusu saa nzima, na Talib bado ameshika kamba. Hatimaye sheha akasema jua linachoma. Khairiya akaandika: ya asili. Rangi nyekundu ikapita mbele ya konde.

Mwanaasha alipewa miezi mitatu avune. Siku ya mwisho alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga, akafunga gunia.

Barazani Talib alijaribu kusema mwanamke yule alipanda miti. Mzee Abdulnasir akamuuliza ni nani aliyeizungusha kamba siku ile. Watu wakacheka, na hadithi ikafa pale pale.

Baada ya Ijumaa mbili Asma, mjane wa Wawi juu, alikuja kula muhogo, akala, akanawa, akasema ana konde limelala. Hakuweka sharti lolote. Konde lenyewe lina mawe na kulifikia ni kupanda kilima, na Mwanaasha si msichana. Siku hizi chungu kinachelewa kuiva, na wafanyakazi wa ofisi wanalalamika wakiangalia saa zao. Yeye anawaambia asiyeweza kusubiri aende akale chapati.