Jibu Zuri Nililompa Koko Veronika

Nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, na nimejaribu sana. Lakini jana ulinijia mimi bibi yako na daftari lako la shule, kalamu mkononi, ukasema, "Koko, unipatie hadisi ya ukweli na uongo, kisha unipatie na funzo yake niandike." Hadithi yenyewe hujaisikia, unataka funzo! Ndivyo mlivyo watoto wa siku hizi, mnataka kula kabla chungu hakijapanda jikoni. Hasira ilinishika. Leo hasira imepungua kidogo, si yote. Weka kalamu chini, usikilize.

Wakati huo Wabelgiji walikuwa bado wapo na mji huu ukiitwa Stanleyville. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Sisi ni watu wa maporomoko, kazi yetu unaijua: wanaume wanasimika miti kati ya mawe, wanaifunga kwa kamba za msituni, na kwenye miti hiyo wananing'iniza vikapu vikubwa vya kutegea samaki, pale maji yanapopita kwa nguvu. Kila mti una ukoo wake, na samaki wa kikapu ni wa ukoo. Ila samaki akiruka akaangukia jiwe, huyo ni wa mtoto aliyemwona kwanza. Sisi watoto tuliipenda sheria hiyo kuliko amri zote kumi za masista.

Juma lile Antwane, mtoto wa mama yangu mkubwa, alikuwa ameokota samaki wawili, na alijivuna mpaka nikamchoka. Mimi sikuwa nimeokota hata mmoja. Basi jioni nikateremka mpaka kwenye kikapu cha mwisho, kile cha karibu na ukingo, nikafungua kamba ya ubavuni, nikakiinamisha, nikatoa samaki. Kisha nikafunga tena. Nilifunga, naapa! Lakini fundo la mtoto wa miaka kumi ni fundo gani? Nikapanda nyumbani nikipiga kelele kwamba nimeokota kwenye jiwe. Mama akafurahi, akanipa kichwa chote nile peke yangu. Kabla ya asubuhi mto ukajaa, na kikapu kikaenda na maji.

Sasa sikia ubaya wenyewe. Kikapu kile alikifunga tonton Saidi. Huyu alikuwa Mwislamu kutoka Maniema, amemwoa tantine Mado, dada mdogo wa baba yangu. Misimu mitatu alibeba miti tu begani, na mwaka ule ndipo wazee walipomruhusu kufunga. Kwetu kufunga si mchezo, kwa sababu mwanamume anatembea juu ya maji yale akiamini fundo la mwenzake. Kwa hiyo kikapu kilipopotea hakuna aliyeuliza mara mbili. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tonton Saidi aliapa, "Wallahi, nilikaza!" Wakamwangalia tu. Ikasemwa kwamba alasiri wanaume wataketi kwa mkubwa wa miti, waamue kama wamtoe kwenye kazi. Na mtu aliyetolewa kwenye miti hana tena la kufanya kwetu, atarudi kwao na mke wake.

Yote hayo niliyasikia. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa mengi, kazi hakuna. Koko Veronika, mama ya baba yangu na ya tantine Mado, akatukusanya barazani tumsaidie kupasua kamba za kusuka kikapu kipya. Koko alikuwa na desturi yake: hadithi aliikata kabla ya mwisho, akamwuliza kila mtoto angefanya nini, na akishasikia wote ndipo aliimalizia. Siku hiyo akatusimulia habari za Kobe na Chui waliotega kikapu kimoja. Kila alfajiri Kobe anawahi, anakula samaki, anaacha miiba, na Chui akija anaambiwa, "Fisi-maji amepita hapa." Siku ya siku Chui akamkamata Fisi-maji, akamfunga kwenye mti, akakata fimbo. Kobe amekaa pembeni anatazama. Koko akaikata hadithi hapo.

"Bon," akasema. "Kama ni weye Kobe, utafanya nini?"

Antwane hakuchelewa. "Miye nanyamaza, Koko. Chui iko na meno."

Mado mdogo, aliyepewa jina la tantine, akafikiri sana akiwa na kidole puani. "Miye kwanza navuka mayi. Nikifika ngambo, njo napiga kelele: ni miye nilikula!"

Mdogo kabisa, Pashi, akasema, "Miye naambia mama. Mama ataambia Chui."

Tulicheka. Kisha zamu yangu ikafika, nami nikasimama wima kama tulivyosimama mbele ya masista. Nikasema, "Kobe anapaswa kusema ukweli, kwa sababu uongo ni zambi, na mutu wa ukweli anapendwa na Mungu na watu wote." Mwanangu, lilikuwa jibu zuri! Jirani aliyekuwa anapita alisimama akasema huyu mtoto ana akili. Nami nikaketi nikiwa nimeridhika. Ukinitazama leo unaona bibi mwenye haya, lakini wakati huo haya sikuwa nayo hata chembe.

Koko Veronika akatupa kamba chini.

"Fransiska," akasema, "hawa batatu banasema wataogopa, na ni kweli, wataogopa. Weye unasema ukweli, na uko unanidanganya nayo. Alors, samaki yenye kuanguka ku jiwe inaumia. Ya kwako nilipaa magamba mwenyewe, haikukuwa hata na alama. Nilikungoja usiku muzima. Naikata hadisi hapa. Mwisho yake utaileta weye."

Kisha akaokota kamba zake akaendelea kupasua. Hakunipiga, na hakumwambia baba. Alitaka neno litoke kwangu, maana bibi anayemtetea mkwewe nani atamwamini? Na mimi, mtoto wa jibu zuri, nikakaa kimya. Alasiri wanaume wakaketi. Tonton Saidi akatolewa kwenye miti. Nikakaa kimya siku hiyo, na ya pili, nikijiambia kesho.

Siku ya tatu nilimkuta tantine Mado anakunja mikeka. Ndipo nikalia nikasema yote. Baba alinichapa, akakimbia kwa mkubwa wa miti, na wazee, siwaonei, walikuja wenyewe na samaki mkubwa kuomba radhi. Tonton Saidi aliwapokea kwa heshima. Akasema, "Miye nawasamehe, ba papa. Lakini nilibeba miti yenu miaka tatu, na kwa kikapu kimoja mulisahau yote. Kesho kikapu ingine ikienda, mutasema nini?" Kesho yake yeye na tantine Mado wakavuka mto kwenda kupanda treni. Koko alisimama ukingoni mpaka mtumbwi ukafika ng'ambo. Hakumwona tena binti yake, na hadithi ile hakuimalizia mpaka anakufa, ingawa Antwane alimwomba mara nyingi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu ya kutosha kumfikisha tantine wangu Maniema. Na maji yakimwagika hayazoleki, hata ukileta samaki mkubwa namna gani.

Kwa hiyo usinichoshe na funzo. Kujua kwamba uongo ni mbaya si kazi, hata Pashi aliyejibu kwa hofu alijua. Kazi ni kusema "ni mimi" wakati mwenzako bado amefungwa kwenye mti, kabla fimbo haijashuka. Ukichelewa siku mbili umesema ukweli, ndiyo, lakini hujamsaidia mtu. Na ukiulizwa swali, jibu lako la kweli, hata likiwa la woga, ni bora kuliko jibu zuri la kuazima. Mtoto mwoga anaweza kufundishwa. Anayejificha nyuma ya maneno matakatifu, utamshika wapi?

Nenda sasa, mwanangu, nimechoka kusema. Mungu akupe ulimi mzito wa kujisifu na mwepesi wa kuungama, akujalie kuwahi. Na asikusimamishe kamwe ukingoni kumsindikiza mtoto wako kwa sababu ya neno ambalo mtu mwingine alilimeza.