Kipande Nilichokificha kwa Jirani

Jirani yangu wa mlango wa pili hapa mtaa wa Flemingdon Park, huku ughaibuni, ni bibi wa Kiyahudi, mjane, mfupi kama mimi, na kwa ulimi tumelingana. Tulijuana kwenye lifti. Lifti yetu huharibika ikijisikia, na mkikwama pamoja mtaongea tu. Siku hiyo yeye ana mfuko wa vitunguu, mimi mkoba wangu, akanimwagia ya moyoni. Wajukuu wake wawili, msichana na mvulana, vijana wa sekondari, huja kwake Pasaka yao kama wanakuja msibani. Wanakula, wanatazama simu, wanaondoka.

"Wakija hivyo tena mwaka huu, jirani, basi. Sipiki tena. Na nisipopika mimi, ndiyo imekwisha."

Sikumcheka. Wangu nikiwaita kwa Kiswahili wananijibu Kiingereza, tena bila kugeuka. Nikamwambia anialike. Yaani nilijialika, niseme ukweli.

Pasaka yao wanakumbuka wazee wao walivyotoka Misri mbiombio, unga haujaumuka, ndiyo maana mkate wao siku hizo ni bapa, mkavu. Kuutafuna ni kama kutafuna boksi la viatu. Nilimwambia mwenyewe, akakubali. Mmoja huvunjwa, kipande kikafungwa kwenye kitambaa na kufichwa, vijana wakitafute. Shughuli haiishi mpaka kipatikane na kila mtu aonje. Yeye miaka yote alikificha nyuma ya televisheni. Mjukuu alikuwa anakwenda kukichukua kama anayefuata chumvi.

Safari hii akanipenyezea kipande chini ya meza. "Ficha wewe. Una sura ya mwizi."

Mvulana alikuwa amekuja na sweta lile la kofia inayoning'inia mgongoni, na marafiki wanamngoja huko mtaa wa Don Mills. Nikainuka kusaidia kugawa supu. Nilipompita nyuma, nikakitumbukiza kwenye kofia yake.

Wakati ulipofika akaenda kwenye televisheni. Patupu.

"Bibi, kiko wapi?"

"Muulize jirani."

"Anti?"

"Mimi mgeni, mwanangu. Najua nini?"

Akafungua oveni. Akapekua viatu mlangoni. Akaomba mkoba wangu, nikampa, akakuta dawa za presha na peremende. Dada yake ndiye aliyekiona kwanza. Akanitazama, akauma kitambaa cha mezani asicheke. Kisha bibi naye akakiona, akajifanya anakohoa. Simu ya mvulana ililia mezani, ikalia tena. Hakuishika.

"Tusipokipata je?" akauliza.

"Tunalala hapa hapa," bibi akasema. "Babu yenu alikificha mwaka mmoja, tukatafuta mpaka shangazi akasinzia kwenye kiti. Kumbe babu mwenyewe amekikalia."

"Babu? Yule mkali?"

"Mkali kwenu. Aliinuka suruali imejaa makombo."

Msichana akaweka simu chini. "Bibi, hiyo hujawahi kutuambia."

"Hamjawahi kukaa."

Mvulana akainama kuchungulia chini ya kochi. Kitu kikamteleza kisogoni, kikaanguka mbele ya pua yake. Akakitazama. Akaishika kofia yake.

"Anti! Wewe ni mtu mbaya sana!"

Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kwao anayekipata hudai zawadi kabla ya kukitoa. Mimi nilijua ataomba ruhusa aende zake. Akakikumbatia kifuani.

"Mwakani naficha mimi. La sivyo sitoi."

"Mwakani utakuja?" bibi akauliza, polepole.

"Nisipokuja nitafichaje?"

Mwaka uliofuata, siku ya sherehe, saa za mchana, mlango wangu ukagongwa. Ni bibi, na aproni yake, mwiko mkononi.

"Nimefukuzwa kwangu," akasema. "Wajukuu wamekuja wote wawili, wanatafuta pa kukificha kipande. Wanasema nitachungulia."

"Mkate wenyewe si bado haujavunjwa?"

"Haujavunjwa."

"Na supu?"

"Iko motoni."

"Itakauka, mama."

"Iache ikauke," akasema, akavuta kiti. "Una chai?"